Nadai: hakuna saa za zamani zilizoonewa kama saa za michezo za kike. Nipingeni

#1 Akrabu
Wakuu, salaam. Natoa dai, anayepinga aje na hoja.

Nazungumzia saa za mkononi zilizotengenezwa kwa ajili ya mwanamke anayeogelea, anayepiga mbizi, anayecheza tenisi au anayepanda milima. Kasha la chuma cha pua, kitufe cha ufunguo kinachofungwa kwa kusokotwa, bezeli (pete inayozunguka kioo) ya kuzungushwa, mishale inayong'aa gizani, ila kipenyo ni milimita 24 mpaka 30 hivi. Zile za dhahabu na vito za kuvalia jioni zina mashabiki wake, tuziweke pembeni.

Mfano ni Tudor. Saa yao ya mbizi, Submariner ya kiume ya miaka ya 1970, watu wanaigombania na kuichambua hadi umbo la mshale wa dakika. Kampuni hiyohiyo ilitoa ndogo yake, Princess Oysterdate Submariner, ya kama milimita 27. Kuipata ni kazi. Ukiipata, mara nyingi aliyenayo hajui ameshika nini, na ukitafuta maelezo yake unakuta mistari miwili. Kwa kawaida kitu kikiwa adimu bei inapanda. Hapa uadimu upo na bei imebaki nyuma kabisa ya kaka yake.

Kwa nini?

#2 Kijana wa Betri
Jibu ni fupi mkuu: udogo. Wanunuzi wengi ni wanaume, na mwanaume wa leo havai milimita 27. Wanunuzi wakiwa wachache bei inalala. Uzi ufungwe.

#3 Dada Stopwochi
#2 usitufungie uzi kabla hatujakaa.

Udogo peke yake hautoshi. Miaka ya 1930 na 1940 saa ya kiume ya milimita 30 au 31 ilikuwa jambo la kawaida. Saa hizo leo zinatafutwa na wanaume haohao wanaosema hawavai ndogo. Iite "ya kijeshi" au "ya kati" na mkono unaikubali. Iite "ya kike" na mkono unakuwa mnene ghafla.

Mimi ninavyoona, saa hizi hazikuandikwa. Anayeanza kukusanya anahitaji namba za modeli, picha za matangazo, tofauti za uso wa saa mwaka hadi mwaka. Za kiume zina watu waliokesha wakihesabu mistari kwenye bezeli. Za kike nani alikesha? Kitu kisicho na maelezo kinaogopesha kununua, basi kinabaki kwenye droo.

#4 Mpenda Mbizi
Cha ajabu ni kwamba saa ya michezo iliyoanza kutikisa dunia ilivaliwa na mwanamke. Mercedes Gleitze, mwaka 1927, alivuka Mlango wa Bahari wa Uingereza akiwa na Rolex Oyster, saa isiyopitisha maji, mkononi, saa ikatoka inatembea. Rolex wakajitangazia hapo. Kwa hiyo historia ilianzia kwao na ikawasahau.

#5 Mzee wa Kadrani
#4 hadithi ni nzuri ila irekebishwe sehemu mbili, maana imezoeleka hivyo kila mahali.

Gleitze alivuka kweli tarehe 7 Oktoba 1927, Mwingereza wa kwanza mwanamke kufanya hivyo. Siku hiyo hakuwa na Oyster. Siku chache baadaye mwanamke mwingine alidai kuvuka, ikagundulika si kweli, na shaka ikamwangukia hata Gleitze aliyevuka kwa haki. Akaamua kurudi majini tarehe 21 Oktoba mbele ya mashahidi. Hiyo ndiyo safari aliyokwenda na Oyster, na aliitundika shingoni, hakuivaa mkononi. Maji yalikuwa ya baridi kali, alikaa zaidi ya saa kumi, wakamtoa kabla hajafika ng'ambo. Saa ilikuwa inatembea vizuri. Tarehe 24 Novemba Rolex wakalipia ukurasa wa mbele wa Daily Mail.

Na kabla yake, tarehe 6 Agosti 1926, Mmarekani Gertrude Ederle alikuwa amekwisha kuwa mwanamke wa kwanza kuvuka.

Hilo la kusahauliwa naliunga mkono. Ile Oyster ilikuwa ndogo ya dhahabu, saa ambayo leo muuzaji angeibandika "ya kike" bila kufikiri mara mbili.

#6 Mpenda Mbizi
Asante mzee, nimeweka kumbukumbu.

#7 Fundi Springi
Naona mnazungumza historia na bei, hakuna aliyefungua kasha. Mimi natengeneza saa, niwaambie upande wa mezani.

Saa ndogo inaonewa kwa sababu ni ngumu. Ndani kuna balansi, lile gurudumu linalokwenda mbele na kurudi kuhesabu muda. Utulivu wake unatokana na uzito wake na umbali wa uzito huo kutoka katikati. Ukipunguza vipimo vyote kwa nusu, nguvu ya kujishikilia haipungui nusu. Inashuka mara 32. Kwa hiyo mtikisiko ambao saa kubwa inaupuuza, ndogo inapoteza muda kwa huo. Ongeza springi kuu nyembamba yenye nguvu kidogo: mafuta yakikauka kidogo tu mashine inasimama, wakati kubwa ingeendelea kujikokota miaka mingine.

Halafu fikirieni saa hiyo ni ya michezo. Anapiga tenisi nayo. Anaruka majini nayo.

Mafundi wengi wanazikataa. Muda wa kazi ni uleule au zaidi, na mwenye saa anategemea kulipa kidogo kwa sababu saa ni ndogo. Zikikataliwa zinakaa bila huduma, zikikaa zinaliwa na kutu. Hapo ndipo uadimu wenu unapotokea.

#8 Kijana wa Betri
Mara 32? Umeitoa wapi hiyo?

#9 Fundi Springi
Uzito wa kitu unafuata ujazo: nusu mara nusu mara nusu, moja ya nane. Umbali kutoka katikati nao unahesabiwa mara mbili: nusu mara nusu, moja ya nne. Nane mara nne ni 32. Balansi halisi zina maumbo tofauti kwa hiyo usiichukue kama kipimo cha kila saa, ila ndiyo sababu ya tabia yake.

Dawa mojawapo ilikuwa kuongeza mapigo. Saa nyingi za zamani zinapiga mara 18,000 kwa saa, yaani 5 kwa sekunde. Seiko kwenye mashine yao ya 2205, ambayo waliiweka kwenye saa za mbizi za kike, walikwenda 28,800, yaani 8 kwa sekunde. Mashine ndogo ikipiga haraka inatulia zaidi. ETA 2671 ya Uswisi nayo ni mashine ya otomatiki (inajijaza mkono ukitembea) ya 28,800, kipenyo milimita 17.2 tu. Ukikuta saa ya mbizi ya kike yenye 2671 ndani, furahi, vipuri vyake vinapatikana.

#10 BintiBahari
Fundi nakuheshimu ila hapo kwenye "ni dhaifu ndiyo maana" natofautiana nawe.

Mama yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa kuogelea. Saa yake ni ya mbizi, ndogo, bezeli nyeusi iliyopauka ikawa ya kijivu, na aliivaa kila siku ya kazi kwenye maji ya klorini. Ninayo mimi sasa, inatembea. Kilichoiokoa ni kwamba alikuwa akibadilisha mipira ya kuzuia maji kwa wakati, na alipoona ukungu chini ya kioo hakungoja wiki ipite. Saa iliyotunzwa inaishi, iwe ndogo au kubwa.

Nadhani tofauti iko kwingine. Mwanaume alinunuliwa saa ya michezo kama kifaa, akafundishwa kuihudumia. Mwanamke alipewa kama pambo lenye mkanda wa mpira. Hakuna aliyemwambia habari za mipira ya kubadilisha.

#11 Fundi Springi
Dada, mama yako mkubwa ndiye mteja ninayemtamani. Sijasema hazidumu. Nasema hazisamehe.

#12 MwanaRiadha
Mbona hamjagusa kilicho wazi? Saa za michezo za kike ni chache kwa sababu wanawake walizuiwa kwenye michezo yenyewe. Kwenye Olimpiki wameingia mwaka 1928. Kabla ya hapo ungemtengenezea nani?

#13 Mzee wa Kadrani
1928 ni riadha. Kwenye Olimpiki wanawake walishiriki tangu Paris 1900, tenisi na gofu zikiwemo. Kuogelea kwa wanawake kuliingia 1912.

#14 MwanaRiadha
Sawa mzee, riadha. Lakini tazama kilichotokea baada ya hapo, kinanipa nguvu zaidi. Mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800, wakubwa wakasema mbio hizo ni ndefu mno kwao, zikaondolewa. Hazikurudi mpaka 1960. Marathoni ya wanawake ya Olimpiki imekuja 1984, Los Angeles, akashinda Joan Benoit.

Sasa saa ya kronografu ni ya nani? Ya mtu anayepima muda wa mbio. Kama mwanamke haruhusiwi kukimbia zaidi ya mita 200 kwenye Olimpiki kwa miaka zaidi ya 30, kampuni gani itatumia fedha kubuni kronografu ndogo ya mkono wake? Ndiyo maana za kuogelea na mbizi mnaziona, lakini kronografu halisi ya kike ya mashine, ya miaka ya 50 au 60, utatafuta mpaka uchoke.

#15 Dada Stopwochi
Hii #14 imenigusa, na jina langu linaeleza kwa nini. Kocha wetu wa kike alikuwa akipima muda kwa stopwochi ya kutundika shingoni. Kila kocha wa kike ninayemkumbuka alikuwa nayo shingoni. Kronografu ya mkononi ilikuwa kwa kocha wa kiume.

Ila hoja ya Fundi bado ina nafasi hapa. Kronografu ina mashine juu ya mashine: magurudumu ya ziada, mikono, springi za vitufe. Kuibana yote kwenye milimita 26 si mchezo. Kwa hiyo je, hazikutengenezwa kwa sababu ya marufuku, au kwa sababu ya ufundi?

#16 MwanaRiadha
Marufuku. Ufundi hufuata soko. Jaeger-LeCoultre mwaka 1929 walitoa Calibre 101, mashine yenye urefu wa milimita 14 na uzito wa kama gramu moja. Waliitengeneza kwa saa za vito kwa sababu huko wanunuzi walikuwepo. Nia ikiwepo udogo haumshindi Mswisi.

#17 Fundi Springi
Calibre 101 haipimi sekunde, na hakuna anayecheza nayo tenisi. Kuifanya ndogo ni jambo moja, kuifanya ndogo ivumilie kipigo ni jingine.

#18 Mkusanyaji Mgeni
Habari zenu wakubwa. Nimeingia kwenye hobi hii kwa sababu ya bibi, nimefurahia uzi. Nina swali la kienyeji: nitajuaje kwamba saa ni ya kike kweli na si ya mvulana au ya kiume ndogo?

#19 Akrabu
Karibu. Mara nyingi hutajua, na mimi naona ni sawa. Dalili ninazotazama: nafasi ya mkanda kati ya masikio ya kasha (pembe zinazoshika mkanda). Za kike nyingi ni milimita 10 mpaka 13. Ikifika 16 au zaidi huenda ni ya kati. Tazama kitufe cha ufunguo, za kike kinakuwa kidogo mno kushika. Katalogi au tangazo la wakati huo ndilo ushahidi hasa. Swatch walipoanza mwaka 1983 walitoa kubwa ya milimita 34 na ndogo ya 25, hapo huna utata. TAG Heuer Formula 1 ya 1986 nayo ilikuja na 35 na 28. Heuer wa safu ya 1000, zile za mbizi, walikuwa na vipimo kadhaa na cha chini ni 28.

Nyuma ya miaka ya 50 mstari kati ya ya kike na ya kiume unafifia kabisa. Wanawake wengi walivaa zile za milimita 30 kwa sababu ndizo zilizosomeka wakiwa majini.

#20 Mpenda Mbizi
Hapo #19 umefungua mlango mwingine mkuu. Labda saa za michezo za kike hazikuwa chache kivile. Labda wanawake wanamichezo walivaa za kiume, sisi tukazihesabu zote kuwa za wanaume. Mwaka 1970 Sylvia Earle aliongoza timu ya wanawake watupu walioishi chini ya bahari kwenye mradi wa Tektite II. Mtu anayekaa chini ya maji siku baada ya siku anachagua saa kwa kusomeka kwake, haangalii kama imeandikwa Lady.

#21 Dada Stopwochi
Basi ile hoja ya kutoandikwa inarudi palepale. Mvaaji hakuandikwa, na saa haina jinsia mpaka muuzaji aipe.

#22 Kijana wa Betri
Nikiri tu kwamba uzi umekuwa mtamu. Ila bado nasema soko. Nyie mnaozisifu, wangapi mnazivaa?

#23 BintiBahari
Mimi naivaa. Niko kazini nayo muda huu.

#24 Mzee wa Kadrani
Mimi si mwanamke na ninayo moja ya milimita 26, naivaa. Haijanidhuru.

Ila jambo moja hamjaligusa: waliokuwa wakiamua ndani ya viwanda. Blancpain walipotoa saa ya mbizi ya Fifty Fathoms mwaka 1953 kampuni ilikuwa mikononi mwa Betty Fiechter, ambaye alikuwa ameishika tangu 1933, pamoja na mpwa wake Jean-Jacques ambaye mwenyewe alikuwa mzamiaji. Mwaka 1956 wakatoa Ladybird, yenye mashine ndogo sana ya mviringo. Ladybird ikaenda upande wa mapambo. Nyumba moja, mwanamke juu, saa ya mbizi maarufu mkononi mwao, na bado saa ndogo ikawa ya jioni. Hiyo inanifanya nisikubali haraka kwamba tatizo lilikuwa wanaume kutofikiria wanawake. Pengine walioingia dukani kununua ndio walioamua.

Na yupo Jacqueline Dimier wa Audemars Piguet. Royal Oak ya 1972 ilikuwa na milimita 39. Mwaka 1976 yeye ndiye aliyeichora ya kike, milimita 29, na skrubu zake nane juu ya bezeli. Ile si kubwa iliyoshushwa vipimo tu. Uwiano umefikiriwa upya. Ukitaka kuona saa ya michezo ya kike iliyopewa akili ya mbunifu, anzia hapo.

#25 Akrabu
Mzee hii ya Dimier ningeitundika ukutani. Lakini duka nalo lilionyesha nini? Mnunuzi huchagua kati ya vilivyowekwa mbele yake.

#26 Mkusanyaji Mgeni
Saa ya bibi ina namba za kijani zilizogeuka kahawia na haziwaki gizani. Nimesikia habari za radiamu. Kwa kuwa haziwaki, ni salama kuifungua nisafishe mwenyewe?

#27 Fundi Springi
USIIFUNGUE.

Kutowaka hakumaanishi radiamu imekwisha. Radiamu hupungua nusu baada ya miaka kama 1,600. Kilichokufa ni ile dawa inayogeuza mionzi kuwa mwanga. Radiamu yenyewe ipo kama siku ilipopakwa. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia puani au mdomoni, na rangi ya zamani hubanduka ikawa unga. Wasichana waliokuwa wakipaka nyuso hizo viwandani Marekani miaka ya 1910 na 1920 walielekezwa kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo, na wengi wao waliumwa na kufa. Sizungumzi habari za kutishana.

Tazama chini ya namba 6 kwenye uso wa saa. Ukikuta T SWISS T au T<25, hiyo ni tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiamu kuanzia miaka ya 1960. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3, kwa hiyo ya mwaka 1970 imebaki kidogo mno. Usipoona T na saa ni ya kabla ya hapo, ichukulie ni radiamu. Ipeleke kwa fundi na umwambie kabla hajaigusa. Usiiweke kando ya kitanda wala mtoto asiichezee.

#28 Mkusanyaji Mgeni
Nimeshtuka. Haina T yoyote. Asante sana, naiweka kwenye kisanduku chake leo hii.

#29 BintiBahari
Na usikubali fundi akupakie uso upya ili "ing'ae". Nilipeleka saa nyingine kwa fundi mmoja, simtaji, nikasema badilisha kioo tu. Ikarudi na uso mweupe kama sahani mpya, maandishi yamepinda, jina la kampuni limeandikwa kwa herufi ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitumia. Kila alama ya umri iliyokuwa pale imefutwa, na hairudi. Tangu hapo naandika kwa karatasi: uso usiguswe, mishale isiguswe, kasha lisipigwe msasa.

#30 Dada Stopwochi
Pole dada. Na hapo kuna sababu nyingine ya uadimu. Saa ya kiume ikirithiwa huambiwa "hii ya babu, usiiguse". Ya kike huambiwa "hebu ipendezeshwe". Ninazokutana nazo zimepakwa upya nyingi kuliko za kiume, kwa jinsi ninavyoona mimi.

#31 Kijana wa Betri
Sasa mnisikilize na mimi kwenye eneo langu. Mnalia na mashine za springi, kilichoziua ni kwatzi, yaani saa za betri. Seiko Astron, ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, ilitoka Desemba 1969. Saa ya betri haihitaji balansi kubwa ili itulie, kwa hiyo tatizo lote la Fundi likayeyuka. Viwanda vikahamisha za kike kwenda kwatzi kwa kasi kuliko za kiume. Nautilus ya kiume ya Patek Philippe ya 1976 ni otomatiki. Ya kike ya 1980 ni ya betri. Wakusanyaji nao wanaidharau betri. Bei ya chini mmeipata hapo, na hamkuniuliza mapema.

#32 Fundi Springi
Hoja nzito hiyo, na inakwenda pamoja na yangu, haiipingi.

Kwa wenye za betri: saa isiyovaliwa itolewe betri. Zile ndogo kama 364 au 379 zikivuja zinakula njia za umeme ndani, na kwenye mashine ndogo hakuna nafasi ya kutengeneza. Nyingi ninazoletewa zimekufa kwa kuvuja, si kwa uzee.

#33 Akrabu
#31 inaeleza kuanzia 1975 hivi. Za 1955 mpaka 1970 karibu zote zilikuwa za springi na bado zimeachwa nyuma, kwa hiyo kwatzi haimalizi swali langu. Ila nakubali imeongeza tope.

#34 MwanaRiadha
Na mimi sijashawishika kwamba si marufuku. Nitafutieni kronografu moja ya kike ya mwaka 1955, kasha la chuma, isiyozidi milimita 28, ya kiwanda, nitanyamaza.

#35 Mzee wa Kadrani
Natafuta kwenye katalogi zangu. Nipe muda.

#36 BintiBahari
Wakati mzee anatafuta: nani anajua pa kupata mkanda wa mpira wa milimita 12 wenye matundu, ule wa mtindo wa kitropiki? Wangu umekatika kwenye pini, na kila ninaouona unaanzia 18.

#37 Dada Stopwochi
Wa 12 ni shida kuupata. Nunua wa 14 wa mpira laini, ukate masikio yake milimita moja kila upande kwa wembe, taratibu. Pima pini kwanza. Kama kasha lako lina vyuma vilivyochomelewa, utahitaji mkanda wa kupitisha chini badala yake.